Kuku amevimba shingo: musikimbilie kisu

Ndugu wafanyakazi na bamama, mushahara ukichelewa, kuku wa lupango njo wanalipa minervale ya watoto. Kwa hiyo kuku akikataa kula na shingo imevimba, tuangalie kwanza.

Mumushike asubuhi mapema, mbele ya kumupa chakula. Chini ya shingo kuko kifuko cha chakula. Kisha usiku muzima kinapaswa kuwa tupu. Kama ni kigumu sawa udongo wa kufinyanga, kimezibwa na majani marefu, sashe, ao nyuzi za mifuko ya madini. Ile mifuko wanaume wanaileta toka kazini, inatandikwa mu nyumba ya kuku, inafumuka, kuku anameza.

Mumunyime chakula siku moja, maji tu. Mafuta ya kula, nusu ya kijiko kidogo, tone kwa tone pembeni ya mudomo. Kisha mukande kifuko pole pole, mara tatu ao nne.

Lakini kama ni laini, kimejaa maji, na mudomo unanuka sawa munkoyo uliochacha, ni chachu. Hapo musimugeuze kichwa chini kumutapisha: maji yanaingia mu mapafu, anakufia mu mikono. Na vidonge vya antibiotike vya soko vinaweza kuongeza ile chachu. Mupeleke kwa veterinere.

Kuku hana meno. Mumuwekee changarawe ndogo ndogo mu kopo, mukate majani mafupi, muokote nyuzi.

Wakiugua wengi kwa pamoja, na kuhara kijani, hiyo si kifuko tena. Muwatenge, muite veterinere siku ile ile.