Pesa ya Shanga Isilale

Kina mama, wengi wetu tulifika Mangateen mwaka 2018, na shughuli ni zilezile: mchana kufulia watu nguo mjini, jioni kutunga shanga mlangoni. Ujira ukichelewa, mkono unaenda kwenye pesa ya shanga. Watoto wanakula mtaji, na nani atakulaumu?

Sasa tuseme bangili moja imekula shanga za pauni 2,000 na uzi wa 500. Hiyo 2,500 ni ya bangili ijayo. Wala usiifunge kwenye pindo la kitenge ikae! Shanga zinatoka nje. Dola ikipanda, nazo zinapanda, na pauni yetu imeshuka mno tangu 2011. Ukiuza leo, kesho ukitoka kazini pitia Konyo Konyo ununue nyingine. Kinachobaki ndicho cha sufuria, hata kama ni unga kidogo tu.