Wawili upande mmoja: tenisi ya wanawake na viwanja vya Tabora

Mwaka 2022 Tabora ilipokea wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi kwa ajili ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, na wasichana wa netiboli, soka na riadha wakapata jukwaa wanalostahili. Mwezi Julai wa mwaka huohuo, Mkenya wa miaka 18, Angella Okutoyi, aliingia kwenye nyasi za Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi kucheza fainali ya wasichana, wawili wawili. Wakashinda. Kabla ya siku ile hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa taji la Grand Slam, hata la vijana. Huku kwetu magharibi mwa Tanzania habari hiyo ilipita kama ya ng'ambo, ya watu wenye viwanja vya vilabu na raketi za bei kubwa. Mimi naiona ni habari ya Tabora pia, kwa sababu tenisi ya wanawake wawili wawili ndiyo inayoweza kuota mizizi katika mji kama wetu kabla ya ile ya mmoja kwa mmoja.

Tuanze na kiwanja. Urefu wake ni mita 23.77. Wakicheza mmoja kwa mmoja, upana ni mita 8.23, wakicheza wawili wawili, kila upande huongezwa ukanda wa mita 1.37, na upana ukafika mita 10.97. Mtazamaji mgeni hudhani kazi imekuwa nyepesi, maana watu wameongezeka maradufu na kiwanja kimepanuka kidogo tu. Ni kweli kila mmoja analinda eneo dogo zaidi, lakini muda wa kufikiri umepungua mno, kwa kuwa daima kuna mtu karibu na wavu anayeupiga mpira kabla haujadunda. Na kuna kanuni moja ambayo wengi huisahau: kisanduku cha kuanzishia hakipanuki. Mpira wa kuanzisha lazima udunde ndani ya mistari ileile ya mchezo wa mmoja kwa mmoja. Zile kanda za pembeni huanza kuhesabika kuanzia pigo la kuurudisha.

Majukumu hugawanywa hivi. Mmoja anaanzisha mpira kutoka mstari wa nyuma, mwenzake amesimama wavuni kwenye nusu nyingine ya upande wao. Kabla ya pointi, yule wa wavuni huficha mkono mgongoni na kumwonyesha mwenzake ishara ya vidole, ngumi au kiganja, kadiri walivyokubaliana: nitabaki hapa, au nitavuka. Akivuka kuukatia mpira njiani, aliyeanzisha lazima akimbilie upande ulioachwa wazi. Ukiona pointi imemalizwa kwa pigo moja la haraka wavuni na watu wakashangilia, mwangalie na yule wa nyuma. Mara nyingi ndiye aliyeuelekeza mpira wake karibu na mstari wa katikati, mpokeaji akakosa pembe ya kupitisha, na mwenzake akajua utarudi wapi. Pointi hiyo ni ushindi wa wawili.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji waliijua kazi ya aina hiyo. Mzigo uliomzidi mtu mmoja ulifungwa kwenye mti, ukabebwa mabegani na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nguvu peke yake haikutosha. Wasipolingana hatua, mzigo huyumba na kuwaumiza wote. Jozi nzuri ya tenisi hutembea vivyo hivyo. Mmoja akivutwa pembeni, mwenzake humfuata hatua mbili tatu upande uleule ili pengo la katikati lisipanuke. Pointi nyingi za wanaoanza hupotea hapo katikati, mpira ukipita kati ya watu wawili ambao kila mmoja alidhani ni wa mwenzake. Dawa yake ni mdomo. "Wangu!" lazima isikike mapema na kwa sauti. Wasichana waliolelewa kwenye netiboli, ambako kila pasi inaitwa, wana hazina kubwa katika jambo hili, na ningependa walimu wao waione.

Sasa turudi kwenye ile fainali, maana matokeo yake ni somo zima la kanuni: 3-6, 6-4, 11-9. Seti mbili za kwanza ni za kawaida, anayefika gemu 6 kwa tofauti ya mbili ndiye mshindi. Zile 11-9 si gemu, ni pointi. Katika mashindano ya vijana wawili wawili, kama katika mashindano mengi ya kulipwa ya wanawake, jozi zikigawana seti moja moja, hufuata duru fupi ya kuamua, ya pointi 10, badala ya seti ya tatu. Anayefika 10 kwanza anashinda, ila lazima awe mbele kwa pointi mbili. Anayetangulia huanzisha pointi moja tu, kisha kila mchezaji huanzisha mbili mbili kwa zamu, wote wanne wakizunguka.

Tafakari maana ya 11-9. Ili kufika hapo, lazima walipitia 10-9, na kabla ya hapo 9-9, kwa sababu 10-8 ingekwisha kumaliza mchezo. Kwa kanuni ya kawaida pande hubadilishwa kila baada ya pointi 6, na 9-9 ni mwisho wa pointi ya 18. Yaani wasichana wale wanne walipofungana katika hatua ya mwisho kabisa, walipaswa kuacha kila kitu, kupishana na kuhamia upande mwingine, ndipo wacheze pointi mbili za kuamua mshindi. Anayecheza mmoja kwa mmoja hutembea safari hiyo peke yake na mawazo yake. Okutoyi alikuwa na mtu wa kusema naye.

Wapinzani wao hawakuwa wa kuokota. Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada walikuwa wamecheza pia fainali ya vijana ya Australia mwezi Januari mwaka huo. Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Kongo, alikuja kushangaza dunia Agosti 2025 kwa kutwaa ubingwa wa Montreal mmoja kwa mmoja akimfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Kwa hiyo katika kiwanja kimoja cha London, siku moja, palikuwa na binti wa Nairobi aliyelelewa na bibi yake aliyekuwa mfanya usafi shuleni, na binti wa familia iliyotoka nchi jirani yetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mtu akisema tenisi si ya watu wetu, mweleze hilo.

Katika mashindano ya wakubwa, jambo linalowachanganya wasomaji ni namna jozi zinavyoingia. Jozi yenyewe haina kiwango cha ubora. Kila mchezaji ana nafasi yake katika orodha ya wachezaji wa wawili wawili, na siku ya kujiandikisha nafasi hizo mbili hujumlishwa. Wa 60 akiungana na wa 90 wanapata 150. Wa 20 akiungana na wa 140 wanapata 160. Jumla ndogo ndiyo yenye nguvu, hivyo jozi ya kwanza inatangulia ingawa ya pili ina nyota mkubwa zaidi. Katika Grand Slam ya wakubwa huingia jozi 64, na bingwa anahitaji ushindi 6. Kwenye mashindano ya ngazi ya chini ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, jozi kwa kawaida ni 16, na ushindi 4 unatosha. Huko ndiko wanakoanzia wengi. Alama ya W15 kwenye ratiba maana yake ni mashindano ya wanawake yenye zawadi za jumla ya dola 15,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwa wanaocheza mmoja kwa mmoja. Haki haijakamilika hapo, na ni vizuri mzazi aijue kabla ya kufungua mfuko.

Mashindano ya WTA, ngazi ya juu ya wanawake, yana kanuni nyingine inayopendeza. Gemu ikifika 40-40, huchezwa pointi moja tu ya kuamua, na jozi inayopokea ndiyo inayochagua nani kati yao ataupokea mpira. Fikiria mashauriano ya sekunde tano: mwenye mkono wa kushoto, au yule ambaye leo hajakosa? Katika Grand Slam ya wakubwa kanuni hiyo haipo, na seti ya tatu huchezwa kamili.

Afrika imewahi kutoa malkia halisi wa mchezo huu. Cara Black wa Zimbabwe, mwanamke ambaye si mrefu wala hakutegemea pigo la kutisha, alikuwa namba moja duniani kwa wawili wawili kwa zaidi ya wiki 160. Alishinda Wimbledon mara tatu katika wanawake wawili wawili: 2004 na Rennae Stubbs wa Australia, kisha 2005 na 2007 na Liezel Huber, mzaliwa wa Afrika Kusini. Alijifunzia nyumbani Harare, kwenye viwanja vya familia, pamoja na kaka zake Byron na Wayne, ambao nao walitwaa mataji ya Grand Slam ya wawili wawili. Silaha zake zilikuwa mikono myepesi wavuni na kujua mahali pa kusimama. Vitu hivyo hufundishika bila mashine ghali.

Harare iko juu kutoka usawa wa bahari, na hapo kuna jambo la fizikia linalotuhusu. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, hivyo unakwenda kasi na mbali. ITF huhesabu sehemu yoyote inayozidi mita 1,219 kuwa ya nyanda za juu, na ina mipira yake maalumu ya kuchezea huko. Tabora iko takriban mita 1,200, mguu mlangoni pa mpaka huo. Nairobi, karibu mita 1,700, imeupita kwa mbali. Kwa wawili wawili athari yake ni kubwa: mpira wa juu unaolenga kumpita aliye wavuni hutoka nje kwa urahisi, na aliye wavuni naye anapata muda mfupi zaidi wa kuitikia. Mwalimu wa Tabora asishangae wanafunzi wake wakipiga mipira ya juu vizuri Dar es Salaam na kukosa nyumbani. Awafundishe kupiga chini, miguuni pa mpinzani.

Kikwazo kikubwa kuliko hewa ni umbali. Msafiri Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Unyanyembe, hapa Tabora, Juni. Leo treni na basi zimefupisha safari ya pwani, lakini mchezaji wa kulipwa anahitaji wiki nyingi za mashindano mfululizo, Nairobi, Monastir huko Tunisia, na kwingineko, ndipo apate pointi za kumpandisha. Wawili wakisafiri pamoja hulala chumba kimoja, humlipa kocha mmoja, na mmoja akitolewa mapema kwenye mmoja kwa mmoja bado ana sababu ya kubaki hadi mwisho wa wiki.

Kuna njia nyingine ambayo Okutoyi aliifuata: chuo kikuu cha Marekani, kwake yeye Auburn. Huko timu zikikutana, michezo mitatu ya wawili wawili kwa kawaida huchezwa kwanza, na timu inayoshinda miwili inapata pointi ya kwanza ya siku. Kisha inafuata michezo sita ya mmoja kwa mmoja. Makocha wao wanatafuta mtu anayejua kucheza na mwenzake. Hata Billie Jean King Cup, kombe la mataifa la wanawake, katika hatua zake kadhaa hupangwa michezo miwili ya mmoja kwa mmoja kisha mmoja wa wawili wawili. Matokeo yakiwa 1-1, nchi nzima inaning'inia kwa jozi moja.

Na kiwanja? Hapa nawasihi walimu wa shule za wasichana za Tabora, Urambo, Nzega na Igunga wachukue futi kamba. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Kiwanja kizima cha tenisi ya wawili wawili kinaingia ndani yake, na nyuma ya kila mstari wa mwisho hubaki mita 3.36, pembeni mita 2.14. Kwa mashindano rasmi hazitoshi, maana nyuma peke yake hutakiwa kama mita 6.40. Kwa kujifunza zinatosha kabisa, kwa sababu anayejifunza wawili wawili anapaswa kutumia muda mwingi wavuni, si nyuma.

Mistari ichorwe kwa rangi tofauti na ya netiboli, au kwa chokaa kama uwanja ni wa udongo. Wavu ukifungwa uwe na kimo cha sentimita 91.4 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo. Nyavu za mpira wa wavu zikishushwa hupwaya, kwa hiyo afadhali kamba iliyokazwa na kitambaa kilichotundikwa juu yake. Raketi nne na mipira kumi na miwili zinawatosha wasichana wanane, wanne wakicheza na wanne wakihesabu pointi kwa sauti, kisha wabadilishane. Wiki ya kwanza wasianzishe mpira kwa juu hata kidogo. Waanze kwa kurusha chini ya mkono, kanuni inaruhusu, na wote wanne wasimame mita mbili kutoka wavuni wakirushiana mpira usidunde, kila mmoja akiita jina la anayempelekea.