SSD au SSHD: Herufi Moja Inayoweza Kumgharimu Mnunuzi wa Kompyuta

Wakazi wengi wenye kompyuta za mezani na laptopu zilizotumika hulalamikia jambo moja: kompyuta inachelewa kuwaka. Katika saiba, mwanafunzi anayetaka kutuma ombi la mkopo wa HELB na mfanyabiashara anayejaza ritani ya KRA hukaa wakisubiri huku foleni ikizidi kuwa ndefu. Lawama huelekezwa kwa intaneti au kwa umri wa kompyuta. Hata hivyo, mara nyingi tatizo huwa kwenye diski, yaani kifaa kinachohifadhi programu na faili zote.

Fundi anaposhauri diski ibadilishwe, mnunuzi anaweza kukutana na njia mbili. Ya kwanza ni kununua diski moja mseto, inayoandikwa SSHD. Ya pili ni kutumia diski mbili tofauti: SSD ndogo ya kuendeshea kompyuta, na diski kubwa ya kawaida ya kuwekea faili. Kwa kuwa uamuzi huu unagusa mfuko wa mkazi na usalama wa kumbukumbu zake, ni vyema kuelewa tofauti kabla ya kulipa.

Aina tatu za diski

Diski ya kawaida, inayoandikwa HDD, ina sahani zinazozunguka kwa kasi, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaosoma data juu yake. Faili inapohitajika, ni lazima mkono usogee na sahani izunguke hadi mahali panapofaa. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya faili ndogo ndogo, na hapo ndipo kuchelewa kunapotokea. Faida ya diski hii ni kwamba hutoa nafasi kubwa kwa bei nafuu.

SSD haina kitu kinachozunguka. Data hukaa kwenye chipu za kumbukumbu ya flashi, mfano wa zile zilizo ndani ya simu. SSD inayounganishwa kwa waya wa SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali diski nyingi za kawaida husoma kati ya megabaiti 100 na 200. Kwa faili ndogo ndogo tofauti huwa kubwa zaidi. Isitoshe, SSD hustahimili mitikiso, jambo lenye manufaa kwa laptopu inayosafirishwa kwa bodaboda au matatu.

Diski mseto inachanganya hizo mbili katika kasha moja: sahani zinazozunguka pamoja na kiasi kidogo cha flashi.

Diski mseto hufanyaje kazi?

Mfano mzuri ni duka la mtaani. Mwenye duka huweka mkate, sukari na maziwa karibu na kaunta kwa sababu huulizwa kila saa. Bidhaa nyingine hukaa stoo, na mteja akizitaka hana budi kusubiri. Diski mseto hufanya vivyo hivyo. Programu iliyo ndani yake huangalia data inayosomwa mara kwa mara, kisha huweka nakala yake kwenye flashi. Kila kitu kingine husomwa kutoka kwenye sahani kwa kasi ile ile ya kawaida.

Tatizo ni ukubwa wa hiyo kaunta. Seagate ilipotoa diski mseto ya laptopu iitwayo Momentus XT mwaka wa 2010, ilikuwa na gigabaiti 4 tu za flashi. Nyingi zilizofuata zilikuwa na gigabaiti 8. Ikilinganishwa na Windows 11, inayohitaji angalau gigabaiti 64 za nafasi, hiyo ni sehemu ndogo sana.

Ndiyo maana kompyuta yenye diski mseto huwaka upesi kuliko ile ya HDD, hasa baada ya kutumika kwa siku kadhaa kwa kazi zile zile. Lakini mtumiaji akifungua kitu kipya, au akinakili video ndefu, kasi hurudi kuwa ya diski ya kawaida. Katika saiba, ambako kila mteja huja na kazi yake, faida hiyo hupungua.

Diski mbili tofauti

Katika mpango huu, Windows na programu huwekwa kwenye SSD ya gigabaiti 240 au 256. Picha, video na nyaraka za zamani hukaa kwenye HDD ya terabaiti 1 au zaidi. Kompyuta huwaka upesi kila siku, bila kuhitaji muda wa kuzoea kazi.

Faida ya pili ni wakati wa matatizo. SSD ikiharibika, faili zilizo kwenye HDD hubaki salama, na fundi hubadilisha kifaa kimoja tu. HDD ikiharibika, kompyuta bado inaweza kuwaka na kufanya kazi. Diski mseto ikiharibika, vyote huondoka kwa pamoja.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Kompyuta haitenganishi faili yenyewe. Fundi aombwe kuelekeza folda za nyaraka, picha na video kwenye diski kubwa. La sivyo, SSD itajaa ilhali HDD ikikaa tupu.

Laptopu yenye nafasi moja

Kompyuta nyingi za mezani zina nafasi ya diski mbili au zaidi, kwa hivyo huko hakuna sababu kubwa ya kununua diski mseto. Laptopu ndizo zinazoleta ugumu, kwa kuwa nyingi zina nafasi moja tu ya diski ya inchi 2.5.

Hata hapo kuna njia. Baadhi ya laptopu zina tundu dogo la M.2 linalopokea SSD iliyo mfano wa kadi. Fundi athibitishe kwanza aina inayokubalika, kwa sababu baadhi ya matundu hupokea SSD za SATA pekee na mengine za NVMe. Laptopu za zamani zenye sehemu ya DVD zinaweza kutolewa kifaa hicho na kuwekewa fremu inayobeba diski ya pili. Fremu hizo huja kwa unene wa milimita 9.5 au 12.7, kwa hivyo kipimo kichukuliwe kabla ya kununua.

Pasipo njia yoyote kati ya hizo, SSD moja inatosha watu wengi. Barua, madaftari ya hesabu na nakala za vyeti havichukui nafasi kubwa. Mwenye video nyingi anaweza kuongeza diski ya nje ya USB. Diski mseto ilikuwa na maana zaidi wakati SSD zilikuwa ghali mno. Leo inabaki kumfaa mtu mwenye nafasi moja, faili nyingi za kubeba popote aendapo, na uwezo mdogo wa kununua SSD kubwa.

C na D si lazima ziwe diski mbili

Wakazi wengi huona herufi C na D kwenye kompyuta na kuamini kwamba faili zilizo D ziko salama. Mara nyingi hiyo ni diski moja iliyogawanywa sehemu mbili. Mgawanyo huo husaidia Windows inapowekwa upya, lakini diski yenyewe ikifa, C na D hufa pamoja.

Hata diski mbili halisi si nakala ya akiba, iwapo kila faili ipo mahali pamoja tu. Mwizi akibeba kompyuta, au moto ukizuka, vyote hupotea. Mhazini wa chama aliyeweka michango ya wanachama kwenye laptopu moja amebeba hatari ya kundi zima. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Akaunti ya bure ya Google hutoa gigabaiti 15, ambazo zinatosha kumbukumbu za chama kwa miaka mingi.

Kwa wafanyabiashara, hili pia ni suala la sheria. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka wa 2015 inamtaka mlipa kodi kuhifadhi kumbukumbu zake kwa miaka 5.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

1. Herufi kwenye kibandiko zisomwe kwa makini. SSHD si SSD. Tangazo la "terabaiti 1 pamoja na gigabaiti 8 za flashi" ni la diski mseto.

2. Namba ya modeli itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Windows yenyewe inaweza kuonyesha diski mseto kama HDD ya kawaida.

3. Ikiwa diski imetumika, hali yake ichunguzwe kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na dalili za kuchakaa. HDD inayotoa mlio wa kugonga isinunuliwe.

4. Risiti na muda wa dhamana vipatikane kwa maandishi.

5. Faili zote zinakiliwe kwingine kabla fundi hajafungua kompyuta.

Diski ya zamani isitupwe ovyo

Diski iliyoondolewa bado ina siri za mwenyewe. Kufuta faili, au kuifomati diski haraka haraka, hakuondoi data yote, na mtu mwenye programu za kurejesha faili anaweza kuipata. Wenye saiba wana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa kompyuta zao hubeba nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawataka wanaoshughulikia taarifa za watu kuzilinda.

Kabla ya HDD kuuzwa au kutolewa, data iliyomo iandikwe juu yake upya kwa programu maalumu. Kwa SSD, itumike programu ya kufuta inayotolewa na mtengenezaji. Diski iliyokufa ivunjwe sahani au chipu zake, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. HDD ambayo bado ni nzima, na ina nafasi ya kutosha, haina haja ya kutupwa: ikiwekwa kwenye kasha la USB huwa ndiyo diski ya nakala ya akiba ambayo nyumba nyingi hazina.