«Conviction»: ni imani ao ni hatia?

Kijana anatafuta kazi kwenye kampuni ya wageni inayochimba kasiteriti. Anapewa karatasi ya kujaza, yote kwa Kiingereza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, masomo: hapo hakuna shida. Katikati anakutana na swali lenye neno «conviction». Kifaransa amekisoma mpaka akapata diploma ya État, na kwa Kifaransa neno hilo analijua vizuri: ni jambo ambalo mutu analiamini kwa moyo wote. Anajiambia: ah, wanaulizia dini yangu. Anaandika «ndiyo», na pembeni anaongeza: «Mkristo».

Bila kujua, ameshakubali kwamba tribinali ilimkuta na hatia. Swali halikuhusu kanisa hata kidogo. Lilikuwa linauliza kama amewahi kuhukumiwa juu ya kosa la jinai. Mtu wa ofisi atakayesoma jibu hilo hataita kijana amuulize alimaanisha nini. Ataweka karatasi upande mwingine, na kazi itaenda kwa mwingine.

Hapa Goma wengi wetu tunajifunza Kifaransa kwanza, na Kiingereza kinakuja nyuma, kupitia Kampala, Nairobi, kampuni za madini na mashirika. Maneno ya lugha hizo mbili yanafanana sura, lakini mengine yanafanana kama mapacha ambao kila mmoja alilelewa kwa mjomba wake. Sura ni moja, tabia ni mbili. «Conviction» ni mmoja wa mapacha hao, na ni neno la kuogopa kidogo, kwa sababu linagusa vitu viwili ambavyo vinaweza kumuinua mtu ao kumuangusha: imani na hatia.

Kwa Kiingereza neno hili lina maana mbili kubwa. Ya kwanza ni sawa na ya Kifaransa: imani imara, ile ambayo mtu haachi hata akitishwa. Ya pili ni ya tribinali: uamuzi kwamba mshtakiwa ana hatia. Wafaransa maana hiyo ya pili wanaiita «condamnation». Tena kuna maana ya tatu inayosikika kanisani. Mhubiri akitoka Kampala akasema kwa Kiingereza kwamba watu wamepata «conviction» ya dhambi, hasemi kwamba wana imani katika dhambi. Anasema dhamiri yao inawasuta. Mkalimani asiye mwangalifu anaweza kugeuza mahubiri yote juu chini.

Imani na hatia zilifikaje kulala kitanda kimoja? Jibu liko katika Kilatini. Neno lilitoka kwa «convincere», na ndani yake mna «vincere», yaani kushinda. Maana yake ya zamani ni kumshinda mtu kabisa kwa maneno na kwa ushahidi mpaka hana la kujibu. Ushahidi ukiishinda akili yako, unaamini: hiyo ni imani. Ushahidi ukimshinda mshtakiwa mbele ya waamuzi, anakutwa na hatia: hiyo ni hukumu. Mzizi ni mmoja, na mzizi huo ni ushahidi.

Kifaransa nacho hakikusahau kila kitu. Panga lenye damu, simu iliyoibiwa ao gunia lililokamatwa, vikiletwa mbele ya tribinali, avoka anaviita «pièce à conviction». Hapo neno halihusu imani ya dini. Ni kitu kinacholetwa ili kimshinde mtu anayekana. Na mwamuzi anapokata kesi, Wafaransa wanasema anafuata «intime conviction» yake, yaani yale ambayo akili yake na dhamiri yake zimesadiki baada ya kusikia pande zote.

Kiswahili chetu kiliyatenga mambo haya tangu zamani. Imani ni imani, hatia ni hatia, na hakuna mtu atakayeyachanganya. Lakini tunalo neno moja linalokaribia ule mzizi wa Kilatini: kusuta. Kumsuta mtu ni kumuweka mbele ya ukweli, uso kwa uso, mpaka uongo wake uonekane. Si kumtukana, na si kumpiga. Ni kumshinda kwa kitu kinachoonekana.

Hata kule kasiteriti yetu inakoishia kuyeyushwa, hawachanganyi. Wachimbaji wa zamani wa Bisie wanakumbuka magunia yaliyobebwa mgongoni kutoka msituni, yakapakiwa katika ndege ndogo zilizotua barabarani Kilambo, zikayaleta Goma. Kasiteriti ya Kongo iliuzwa mpaka Thailand, kwenye kiwanda cha Thaisarco, kisiwani Phuket, ambacho kilitangaza kusimamisha ununuzi wake hapa mwezi wa Septemba 2009. Karatasi za biashara hiyo zilikuwa za Kiingereza, lakini Mthai akitafsiri «conviction» lazima achague. Kama ni imani, atasema «khwam chuea man»: «chuea» ni kuamini, «man» ni imara. Kama ni ya tribinali, atasema «kan tatsin wa mi khwam phit», yaani uamuzi kwamba kuna kosa. Hakuna neno la Kithai linalobeba yote mawili. Mthai kwanza anauliza: aliyesema hivyo ni moyo, ao ni tribinali?

Swali hilo linatufaa na sisi, maana kuna mahali imani na hatia zinakutana kweli: katika kichwa cha mwamuzi. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Korti ya Kimataifa ya La Haye, CPI, unasema katika kifungu cha 66 kwamba korti haiwezi kumkuta mtu na hatia kama haijasadiki hatia hiyo kupita shaka yoyote ya maana. Kwanza kusadiki, kisha kuhukumu. Na katikati ya hayo mawili kuna ushahidi.

Tuangalie kesi ya Bogoro, kule Ituri. Kijiji kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Watu wawili, Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo, walianza kesi yao pamoja La Haye mwaka 2009, juu ya shambulio hilo hilo. Ngudjolo aliachiliwa na waamuzi tarehe 18 Disemba 2012. Katanga alikutwa na hatia tarehe 7 Machi 2014, akapewa miaka 12. Wengi hawakuelewa: itakuwaje shambulio moja, hukumu mbili? Waamuzi wa Ngudjolo walieleza kwamba jambo likikosa ushahidi wa kutosha, haimaanishi kwamba halikutokea. Hawakusema watu wa Bogoro ni waongo. Walisema kwamba yale yaliyoletwa juu ya mtu huyu hayakutosha kumshinda. Kwa familia zilizopoteza watu, jibu hilo ni chungu. Lakini ndivyo neno linavyotaka: bila ushahidi wa kutosha, imani haigeuki kuwa hatia.

Hapa Goma pia tuliona upande mwingine wa neno. Ntabo Ntaberi Sheka, mkubwa wa kundi la NDC lililotesa watu wa Walikale katikati ya machimbo, alitafutwa kwa karatasi ya kukamatwa tangu mwaka 2011. Miaka yote hiyo, kila mtu wa Walikale alikuwa na conviction yake juu yake, ile ya moyo. Mwaka 2017 akajisalimisha kwa MONUSCO. Kesi ilifunguliwa Novemba 2018, watu wakaja kusema mbele ya korti ya kijeshi yale waliyotendewa, na tarehe 23 Novemba 2020 akapewa kifungo cha maisha. Siku hiyo conviction ya moyo ikawa conviction ya korti. Ilichukua miaka miwili ya kesi, na ilihitaji wamama wenye ujasiri wa kusimama na kusema.

Sasa turudi karieri. Usiku gunia limepotea shimoni. Asubuhi PDG wa shimo anapiga kelele, na mmoja anasema: «Ule kijana eko mwizi, sisi wote tunamujua!» Mwingine amekwenda kwa nabii, nabii amemwambia mwizi ana kovu usoni. Mbele jua halijapanda, kijana mwenye kovu ameshazungukwa na watu wenye mawe. Ndiyo ile tunaita «justice populaire». Watu hao wana conviction, na hata ni kali sana. Lakini ni ile ya kwanza peke yake. Hakuna aliyemsuta kijana, hakuna gunia lililoonekana kwake, hakuna aliyemsikiliza. Wakigundua kesho kwamba gunia lilichukuliwa na mlinzi, hakuna imani itakayomfufua.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 iko wazi. Kifungu cha 17 kinasema mshtakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho iithibitishe. Kifungu cha 18 kinasema kukaa kasho kwa polisi hakuwezi kupita masaa 48. Masaa hayo yakiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye sheria. Kwa hiyo, mama ambaye mume wake amekamatwa asikubali majirani wamuite «muke wa mfungwa aliyehukumiwa». Kukamatwa si kuhukumiwa. Kupelekwa parke si kuhukumiwa. Hata kukaa gerezani miezi ukingojea kesi bado si kuhukumiwa.

Na juu ya ile karatasi ya kazi, mambo ni matatu. Swali likiwa na «conviction» karibu na neno la jinai, «criminal», linauliza hukumu za tribinali, si dini. Kama hujawahi kukatiwa hukumu ya hatia juu ya kosa la jinai, jibu ni hapana, hata kama ulilala kasho siku moja ao mbili. Na kama ulihukumiwa kweli, usifiche: tafuta kopi ya hukumu, yenye jina la tribinali, tarehe na namba ya kesi, maana kampuni inaweza kukuomba «extrait de casier judiciaire» na kulinganisha.

Dini yako, kama wanaitaka, wataiuliza kwa neno lake. Na kama neno la karatasi linakutatiza, uliza mbele ya kuandika. Kuuliza si haya. Sahihi ikiisha kuwekwa, kuifuta ni kazi ngumu.