Mfereji Ukizibwa Juu, Shamba la Chini Hukauka

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kahawa, migomba na ng'ombe wa maziwa. Lakini leo sitaandika habari za kahawa. Leo nitaandika habari za michezo. Usishangae. Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba jambo hili linafanana sana na shamba lako.

Sisi tunaoishi katika miteremko ya mlima Kilimanjaro tunaujua mfereji. Wazee wetu walichimba mifereji tangu zamani. Maji yanatoka mtoni huko juu. Yanapita kwa jirani, yanafika kwako, kisha yanakwenda kwa mwenzako wa chini. Kila mtu ana zamu yake. Siku ya kusafisha mfereji, kila nyumba inatoa mtu na jembe.

Je, mfereji ukizibwa juu inakuwaje? Shamba la chini hukauka. Mwenye shamba la chini anaweza kupalilia vizuri. Anaweza kuweka samadi ya kutosha. Hata hivyo hatavuna kitu. Kosa si lake. Maji hayakumfikia.

Michezo ya nchi yetu ni kama mfereji huo. Sikiliza habari hii.

BINTI WA KIJIJI CHETU

Katika kijiji chetu, upande wa Old Moshi, alikuwapo binti mmoja mwanafunzi. Sitamtaja jina. Kila asubuhi alipanda kilima kwenda shule, na jioni alishuka. Hakutembea, alikimbia. Akishika ndoo ya maji, alikimbia. Akitumwa dukani, alikimbia. Katika mashindano ya kata aliwashinda wasichana wote, na wavulana wengi pia.

Mwaka 2019 aliitwa kwenda kushindana mbali, katika mji mwingine. Kijiji kilifurahi. Tulifanya mkutano, tukachanga. Wengine walitoa fedha. Mama mmoja alitoa mikungu miwili ya ndizi, tukaiuza sokoni Kiboroloni. Tulinunua raba, tukalipa nauli, tukalipa na ada ya kuandikishwa. Ada hiyo tuliilipa kwa mkono. Hatukupewa stakabadhi, na sisi hatukuidai. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Mimi nilimsindikiza pamoja na mama yake. Tulisafiri kutwa nzima. Asubuhi tulifika uwanjani. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi alituuliza, "Mnatafuta nini?" Tukamwambia. Akatutazama kwa huruma. Akasema, "Mashindano yalikwisha tangu wiki iliyopita. Yalisogezwa mbele. Hamkupewa habari?"

Hatukupewa habari. Ofisi iliyohusika haikuandika barua wala kupiga simu. Tuliporudi niliandika barua kuuliza. Sikujibiwa. Niliandika ya pili. Nayo haikujibiwa.

Mama yule hakulia. Aliniambia neno moja tu: "Bwana shamba, wewe hutufundisha kwamba mbegu nzuri huzaa. Mbona hii haikuzaa?"

Sikuwa na jibu. Leo binti huyo anauza nyanya sokoni. Ni kazi ya halali, nami namheshimu. Lakini hakimbii tena. Akiniona, hunisalimu vizuri, "Shikamoo bwana shamba." Nami kila mara naona aibu.

MBEGU NZURI TUNAZO

Ndugu msomaji, usidhani nchi yetu haina watu hodari. Riadha ni michezo ya kukimbia, kuruka na kutupa. Katika riadha Tanzania ina historia kubwa.

Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo kwa kasi hiyo. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka 1980 ilifanyika michezo ya Olimpiki mjini Moscow. Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha katika mita 5000. Mwaka 1989 Juma Ikangaa alishinda mbio ndefu za marathoni mjini New York. Marathoni ni kilomita 42 na zaidi kidogo.

Sasa fanya hesabu. Tangu mwaka 1980 mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ni miaka 44. Katika miaka yote hiyo Tanzania haikupata medali nyingine ya Olimpiki. Zile mbili za Moscow ndizo za kwanza na ndizo za mwisho mpaka hapo.

Je, mbegu ilikwisha? Hapana. Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Yeye na Mjerumani mmoja walifika pamoja, na Simbu alimpita kidogo sana kwenye utepe. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Basi mbegu ipo. Udongo upo. Milima ya kufanyia mazoezi ipo. Tuangalie mfereji.

MICHEZO INAONGOZWAJE?

Mchezo ambao mchezaji halipwi mshahara huitwa mchezo wa ridhaa. Anacheza kwa kupenda. Wachezaji wengi wa vijijini ni wa ridhaa.

Michezo hii ina ngazi. Chini kabisa ipo klabu. Juu ya klabu kipo chama cha wilaya, kisha chama cha mkoa. Juu yake kipo chama cha taifa. Chama cha taifa kinaongoza mchezo huo nchi nzima, nacho ni mwanachama wa chama cha dunia. Mwaka 1967 ilitungwa sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, ili kusimamia na kuendeleza michezo nchini.

Hebu fikiri. Ngazi hizi zinafanana na nini? Zinafanana na ushirika. Sisi wa Kilimanjaro tunaujua ushirika. Chama chetu kikuu cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933. Mkulima ni mwanachama wa chama cha msingi. Chama cha msingi kinapeleka wajumbe juu. Wajumbe wanachagua viongozi.

Katika ushirika unapopeleka kahawa, unapimiwa mbele yako. Unapewa stakabadhi. Ukipunjwa, unasimama katika mkutano na kuuliza, "Kilo zangu ziko wapi?" Tumepata pia shida katika ushirika, wala sifichi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha. Lakini tulijifunza jambo moja. Mahali ambapo wanachama hawaulizi, viongozi husahau kujibu.

Katika michezo sisi wa vijijini hatuulizi kabisa. Viongozi wa juu wanachaguliwa na wajumbe. Je, unamjua mjumbe wa mkoa wako? Je, amewahi kuja kijijini kusoma hesabu? Mimi nimeuliza katika vijiji vingi ninavyotembelea. Watu hucheka tu. Wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya, lakini hawamjui anayewasemea.

Wakubwa wa michezo nao wana makosa yao. Mara nyingi hukumbuka mwanariadha siku anaporudi na medali. Siku hiyo wanakwenda uwanja wa ndege, wanapiga picha naye. Lakini medali haianzi uwanja wa ndege. Inaanza kwenye kiwanja cha shule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa. Watoto waliokuwa shuleni miaka ile walikosa zamu yao ya maji. Zamu ikipita haiwezi kurudi.

Pia tuwe wakweli. Tatizo si la mtu mmoja. Bayi mwenyewe alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania kwa miaka mingi. Kwa hiyo watu wanaoujua uwanja wamewahi kuingia ofisini. Mtu mmoja hodari hawezi kusafisha mfereji mzima peke yake.

TATIZO HILI SI LETU PEKE YETU

Majirani zetu wa Kenya wana medali nyingi kuliko sisi. Hata hivyo wamepata shida hiyo hiyo. Mwaka 2016 Julius Yego alikuwa bingwa wa dunia wa kutupa mkuki. Alifika uwanja wa ndege wa Nairobi ili aende Olimpiki ya Rio. Akaambiwa hana tiketi! Watu walilalamika mpaka akapata. Alikwenda, akarudi na medali ya fedha. Baada ya michezo hiyo serikali ya Kenya ilitangaza kuivunja kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo.

Yego alikuwa na jina kubwa, ndiyo maana alisikika. Binti wa kijiji chetu hakuwa na jina. Nani angemsikia?

Wengine husema, "Serikali ivunje vyama vyote." Ngoja kwanza. Mwezi Novemba 2021 serikali ya Kenya ilivunja uongozi wa chama cha mpira. Chama cha mpira cha dunia, FIFA, hakitaki serikali iingilie vyama vyake. Mwezi Februari 2022 kiliifungia Kenya. Timu zao hazikuruhusiwa kucheza na nchi nyingine mpaka Novemba 2022. Walioumia ni wachezaji.

Kwa hiyo kuvunja peke yake si dawa. Mtu hang'oi kahawa yote kwa sababu ya matawi makavu. Anapogoa. Na mwenye haki ya kupogoa chama ni mwanachama.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuunde klabu za kijiji na tuzisajili. Klabu isiyosajiliwa haina sauti. Afisa michezo wa wilaya yupo kwa kazi hiyo. Mwende mkamwone.

Pili, tuandike. Sasa unajua kusoma na kuandika. Hiyo ni nguvu. Ukilipa ada, dai stakabadhi. Ukipeleka barua, baki na nakala. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tumjue mjumbe wetu. Tumwite katika mkutano. Tumwulize: Mashindano ya mwaka huu ni lini? Ada yetu imefanya kazi gani? Asipokuja mara ya kwanza, tumwite tena.

Nne, tulinde kiwanja cha kijiji. Huku mlimani ardhi ni ndogo. Vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vidogo kabisa. Kila mtu anatamani kumega kiwanja kidogo kidogo. Tusikubali. Kiwanja kikiisha, hata viongozi wazuri hawatatusaidia.

Tano, kabla ya kumsafirisha mtoto, tupige simu na kuuliza tarehe. Tuulize tena siku moja kabla. Mimi sikufanya hivyo mwaka 2019. Nililaumu ofisi, na ofisi ilikuwa na kosa. Lakini nami nilikuwa na simu mfukoni.

Kila mwaka watu kutoka nchi nyingi huja Moshi kukimbia mbio za Kilimanjaro Marathon. Sisi tunasimama kando ya barabara, tunapiga makofi. Ni vizuri kupiga makofi. Lakini barabara ile ni yetu, na mlima ni wetu. Watoto wetu wanastahili kuwa ndani ya mbio hizo, na mbele zaidi.

Mwaka huu kijijini kwetu kuna binti mwingine. Ana miaka 12. Naye hutumwa dukani akakimbia. Safari hii tumefungua daftari. Ukurasa wa kwanza una jina lake.

JADILINI KATIKA DARASA LENU

1. Je, kijiji chenu kina klabu ya michezo? Imesajiliwa?
2. Nani mjumbe wenu katika chama cha wilaya?
3. Kiwanja cha kijiji chenu kina hali gani?
4. Andikeni pamoja barua moja fupi kwa afisa michezo wa wilaya. Mwulizeni jambo moja tu. Wekeni nakala.