Kufuta Programu Hakufuti Deni

"Nikiifuta ile programu ya mkopo kwenye simu, deni si linakwisha?" Swali hili limeulizwa vya kutosha. Anauliza dereva wa bodaboda Litumbandyosi, anauliza mwalimu Mbinga mjini, anauliza muuza usipa Mbamba Bay. Na kila anayeuliza huwa ameshaifuta. Anachotafuta ni mtu wa kumwambia kwamba amefanya la maana.

Hakufanya. Kilichokuwa kwenye simu ni njia ya kuombea mkopo tu. Daftari la deni liko kwenye seva ya mkopeshaji, na huko kidole cha mkopaji hakifiki.

Tena madhara yalikwishafanyika siku programu ilipowekwa. Iliuliza haraka haraka: iruhusiwe kuona majina? Kusoma ujumbe mfupi? Kujua simu ilipo? Mtu mwenye ada ya mtoto kichwani alibonyeza "Ruhusu" mara tatu bila kusoma. Orodha ikanakiliwa yote: Mama Mkwe, Bosi Kazini, Mchungaji, Fundi Pikipiki. Ujumbe wa M-Pesa nao ukasomwa, mkopeshaji akajua kiasi gani huingia na tarehe ngapi. Kuifuta programu wiki tatu baadaye hakurudishi hata jina moja. Pengine ndipo Bosi Kazini anapopokea ujumbe kwamba fulani ametoroka na deni na kwamba yeye, bosi, ndiye mdhamini.

Kuna wanaojibu kwamba duka la Google limeshazuia mchezo huo. Ni kweli, tangu Mei 31, 2023 programu za mikopo binafsi zilizomo dukani humo haziruhusiwi kugusa majina wala picha za mtumiaji. Basi anayetumiwa kiungo kwenye WhatsApp, akaambiwa apakue programu nje ya duka, ajiulize kwa nini haimo dukani.

Dawa ya pili ya mtaani ni kutupa laini. Hii ni mbovu kuliko ya kwanza. Muda wa mwisho wa kusajili laini zilizokuwapo kwa alama za vidole ulikuwa Januari 20, 2020. Laini mpya itasajiliwa kwa kidole kilekile na namba ileile ya NIDA, ambayo mkopaji mwenyewe aliijaza kwenye fomu ya mkopo. Deni la mkopo wa simu unaotolewa na benki, kama M-Pawa iliyoanza mwaka 2014, linamhusu mtu, si kadi ya plastiki.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, wengine walishangilia kana kwamba wamesamehewa. Lilikuwa onyo kuhusu leseni, si msamaha wa madeni.

Mkulima wa kahawa wa Mbinga hapaswi kudanganyika kirahisi hivi. Anaijua magoma: mnunuzi anakuja na fedha wakati wa njaa, kahawa ingali mtini, kisha anaichukua msimu ukifika kwa bei ya kutupa. Programu hizi ni magoma iliyohamia kwenye simu. Tuseme mtu ameomba shilingi 100,000. Inakatwa "gharama ya huduma", zinaingia 70,000, na baada ya siku saba anadaiwa 100,000 kamili. Amelipia 30,000 kwa kutumia 70,000 wiki moja, yaani karibu asilimia 43. Kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa fedha hizo ni shilingi 2,450. Ndiyo maana watu wakaiita mikopo ya namna hii kausha damu.

Afanye nini basi? Kabla ya kukopa, atafute jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Akiwa ameshanaswa, aondoe ruhusa zote kwenye mipangilio ya simu, ahifadhi picha za ujumbe wa vitisho, awaarifu mwenyewe watu wake wa karibu, kisha alalamike Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa sheria ya mwaka 2022. Namba za matapeli zitumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Anayehitaji fedha bado ana njia nyingine: mikopo ya vikundi isiyo na riba ya halmashauri, ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilirejea mwaka 2024. VICOBA na SACCOS zipo.

Waajiri nao wana la kufanya. Mfanyakazi anayeweza kupata sehemu ya mshahara aliokwisha kuufanyia kazi kabla ya mwisho wa mwezi, kwa makubaliano ya maandishi, hana sababu ya kwenda kwa kausha damu tarehe 18. Na bosi aliyepokea ujumbe wa kudai asikate hata senti: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi, au amri halali kama ile ya mahakama.