Rafiki wa Kalamu, Rafiki wa Msiba

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu hajapata kukaa na kalamu mkononi, akakosa la kumwandikia rafiki aliyefiwa na mtoto? Sisi tunaohudumu wodini twaijua shida hiyo. Wengi huacha kabisa kuandika, na mfiwa hudhani amesahauliwa. Mwezi huu tumeona vema tuzitazame barua za Wamarekani wawili ambao hawakuachana katika saa kama hiyo.

William Dean Howells alikuwa mhariri wa Atlantic Monthly, gazeti la kila mwezi lililochapwa Boston, tangu mwaka 1871 hadi 1881. Mwenzake ni Samuel Clemens, mwandishi anayejulikana zaidi kwa jina la Mark Twain. Walionana kwanza mwaka 1869, baada ya Howells kukisifu kitabu cha Twain gazetini. Waliandikiana hadi Twain alipofariki mwaka 1910, na barua zao zilichapwa mwaka 1960 katika vitabu viwili.

Kuambiana kweli

Howells hakuwa rafiki wa kusifu tu. Mwaka 1875 alisoma mswada wa Tom Sawyer na kutoa mashauri yake. Baadaye Twain akasumbuka kwa ajili ya neno moja lisilo la adabu, lililotoka kinywani mwa kijana Huck. Mkewe, Olivia, aliyezoea kupitia kazi za mumewe kabla hazijachapwa, alikuwa amelisikia asilikataze. Twain akamwuliza Howells kwa barua. Jibu lilikuja bila kuzungukazunguka: liondolewe. Likaondolewa, na urafiki haukupungua hata kidogo.

Msiba unapobisha hodi

Machi 1889 Howells na mkewe, Elinor, walifiwa na binti yao Winifred, mwenye umri wa miaka 25. Alikuwa ameugua kwa miaka mingi. Daktari mashuhuri wa Philadelphia, S. Weir Mitchell, alimtibu kama mtu mwenye maradhi ya mawazo, akaagiza apumzishwe na kulishwa sana. Baada ya kifo chake ndipo ilipofahamika kwamba mwili wenyewe ulikuwa na ugonjwa. Hebu fikiri uchungu wa wazazi walioambiwa kwamba maumivu ya mtoto wao si ya kweli! Nasi wauguzi tunajifunza hapo: mgonjwa akisema anaumwa, kwanza tumsadiki.

Miaka 7 baadaye ikawa zamu ya Twain. Agosti 1896 binti yake Susy, mwenye miaka 24, alifariki huko Hartford kwa homa ya uti wa mgongo. Baba alikuwa Uingereza, na mama alikuwa melini akivuka bahari kumfuata mtoto, hakumkuta hai. Howells alimwandikia rafiki yake. Hakuwa mtu wa kutazama msiba kutoka mbali, maana njia ile alikwisha kuipita mwenyewe.

Juni 1904 Olivia naye alifariki katika mji wa Florence, Italia, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Siku iliyofuata Twain alimwandikia Howells, akamsimulia jinsi alivyoingia chumbani kumtakia mkewe usiku mwema, akamkuta amekwisha kukata roho. Habari kama hiyo haipelekwi kwa kila mtu. Hupelekwa kwa yule aliyekuambia kweli siku za heri, akakulilia siku za msiba.

Nasi tufanyeje?

Mpenzi msomaji, hatuhitaji kuwa waandishi mashuhuri. Mistari mitano yatosha. Mtaje marehemu kwa jina lake, kwa maana mama hapendi mtoto wake afichwe kana kwamba hakuzaliwa. Taja jambo moja unalomkumbuka nalo. Usijaribu kueleza kwa nini amekufa, wala usimwambie mama kwamba atapata mwingine. Kama nawe umefiwa, mwambie, atajua unamwelewa.

Kisha usiandike mara moja tu. Matanga yakiisha, wageni huondoka, vyombo vilivyoazimwa vikarudishwa, na nyumba ikawa kimya. Andika tena wakati huo. Katika miezi ile ya ukimya, barua fupi ya rafiki huwa na kazi kubwa kuliko zote.